Tairi Mbili za Upande wa Kushoto

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Bonasi ya majani chai imeingia! Si yangu. Ni ya Nyabate, mke wangu, aliyechuma mwaka mzima kwenye shamba la kukodi huku mimi nikishughulika na mawazo. Kiptere yote imechangamka. Wauza magodoro wamefika, wauza sufuria wamefika, wahubiri wawili na vipaza sauti vyao wamefika. Wanaume kadhaa wameshapotea na pesa, simu zimezimwa.

Mimi sijapotea. Mimi ni mtu wa maendeleo.

Mambo ni haya. Mvua ikizidi, lori la kiwanda haliwezi kupanda kilima cha dipu ya ng'ombe, na majani yanalala kwenye kituo cha kupimia mpaka yanaharibika. Kamati ya kituo imeamua kukodi gari dogo mpaka Januari. Mwenyekiti ni Bi. Chepkorir, mwalimu mstaafu ambaye bado anatusahihisha sote. Magari yaliyojitokeza ni mawili tu: Probox yangu na Probox ya Gichuki. Jaribio ni Ijumaa. Magunia manane ya majani, kutoka chini ya kilima hadi juu. Atakayefika ndiye mwenye kazi. Kazi ya kila siku! Nikiipata, Nyabate ataacha kuniuliza kila jioni nimeshinda wapi.

Tatizo ni dogo. Tairi zangu zote ni vipara. Nyabate alizikagua, akaingia chumbani, akatoka na elfu thelathini na sita. Akasema ninunue nne, mpya, za jina kubwa, kama za Gichuki. Akarudia, kana kwamba sikusikia. Kisha akaniwekea vidole vyake mbele ya uso, vyeusi kwa utomvu wa majani, vimepasuka kwenye kucha. "Baba Moraa, hizo pesa ni hizi mikono," akasema.

Niliguswa. Niliguswa sana, mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Jumatano, 22 Oktoba

Kericho mjini, duka la tairi. Mwenye duka anaitwa Christabel, mama wa miwani na ovaroli ambaye hacheki na mteja. Nilimwambia nataka kuelimishwa kidogo. Kosa! Alinielimisha saa nzima.

Alinionyesha tairi ya jina kubwa, elfu tisa kila moja. Mpira wake laini, ukiubonyeza kwa ukucha unakubali. Mifereji yake mirefu, ya kutoa maji na matope. Akasema inashika barabara ikiwa imelowa, inasimama mapema, na hata kwa barabara zetu itanipa miaka mitatu. Kisha akanionyesha ya bei ya chini, elfu nne na mia tano. Ngumu kama dawati. Lakini nayo ni mpya. Nayo ni nyeusi. Nayo ni mviringo. Mimi sikuona tofauti yoyote ya maana. Akasema hiyo kwa lami kavu na mwendo wa pole haina neno, ila kwa matope ya Kiptere nitaijua, na mwaka ukiisha nitakuwa nimerudi kwake kununua nyingine.

Hapo ndipo nikaona jambo ambalo Christabel, na elimu yake yote ya tairi, hajawahi kuliona. Abiria hupanda upande wa kushoto. Nyabate hukaa kushoto. Kituo cha majani kiko kushoto ukipanda kilima, na kamati huketi pale pale kwenye benchi. Upande wa kulia unaangaliwa na nani? Na dereva. Dereva ni mimi, na mimi sijawahi kujisumbua.

Mbili za jina kubwa, kushoto. Mbili za bei ya chini, kulia. Ukizichanganya, wastani wake ni tairi nne nzuri!

Christabel alivua miwani. Akasema afadhali ninunue nne za bei ya kati. Akasema kama ni lazima nichanganye, basi zinazofanana zikae ekseli moja, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Lakini kushoto hivi na kulia vile, hajaona mtu mzima akifanya. Bila shaka hajaona. Wavumbuzi tuko wachache nchi hii.

Alikataa kuzifunga. Nilizifunga kwa fundi wa kando ya stendi, mtu mwema asiyeuliza maswali. Na kwa vile zilibaki elfu tisa, nilinunua vifuniko vinne vya ringi vinavyong'aa, na honi ya lori. Gari la kazi lazima lisikike.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nyabate amekagua gari. Upande wa kushoto! Amepitisha kiganja juu ya tairi ya mbele, polepole, kama anayempapasa ndama aliyezaliwa jana. Akasema, "Sasa hapa umefanya kitu." Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kuambiwa hivyo. Nilipiga honi kwa furaha na kuku wa jirani wakaruka ua.

Gichuki naye akapita. Huyu Gichuki ana duka la vifaa vya ujenzi na roho ya mkaguzi wa serikali. Huosha tairi zake kwa sabuni ya kipande. Hutembea na shilingi kumi mfukoni ya kupimia kina cha mifereji, na kila Jumatatu unamwona amechuchumaa kando ya gari akiisukuma sarafu ndani, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alinipongeza. Kisha akaanza kuzunguka kuelekea upande wa kulia. Nikamshika mkono nikamuuliza bei ya simiti. Alinieleza bei ya simiti kwa dakika ishirini. Nilivumilia.

Jioni, simu kutoka Nyamira. Mama mkwe anakuja kesho asubuhi, anataka kufika kabla Sabato haijaingia jioni. Nimpokee barabara ya lami saa tatu. Jaribio ni saa nne. Sawa tu, nitamchukua, nitamfikisha nyumbani, nitashinda kazi.

Niandike hapa, maana hata shajara inafaa kujua adabu: kwetu Kisii mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi bega kwa bega, na hawazungumzi hovyo. Mama Abigael, aliyemzaa Nyabate, hufuata haya yote kwa ukali. Hajawahi kutamka jina langu. Hajawahi kunitazama usoni. Wakati mwingine naona heri ingekuwa hivyo na kwa ndugu zangu.

Mvua imenyesha kuanzia saa nane mchana na haijaacha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya msiba.

Mama Abigael alishuka saa nne kasorobo. Amevaa gauni jeupe la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na mkononi amebeba jogoo mwekundu wa kuniletea. Heshima kubwa hiyo! Muda wa kumpeleka nyumbani haukuwepo. Nikamweka kiti cha nyuma, kushoto, nikaondoka.

Kwa kuwa hawezi kunisemesha, alimsemesha jogoo. "Wewe jogoo, mwambie dereva hii barabara inateleza." Nikamjibu jogoo kwamba tairi ni mpya. "Jogoo, mbona gari inavuta upande mmoja?" Nikamwambia jogoo ni upepo. Jogoo hakusema kitu, lakini nilimwona kwa kioo na hakuwa ameshawishika.

Kilimani watu wamejaa. Wachumaji na vikapu vyao, kamati kwenye benchi, Bi. Chepkorir na mwavuli. Nyabate yuko kwenye foleni ya mizani na aproni yake ya plastiki, akitabasamu. Gichuki alienda kwanza. Magunia manane, alipanda kama mtu anayeenda kuchukua bonasi. Hakuteleza hata mara moja. Watu walipiga makofi machache ya adabu.

Zamu yangu. Bi. Chepkorir aliinama, akagusa tairi ya mbele, kushoto. Akawaambia wenzake, "Hii ni tairi. Si mchezo." Walipakia magunia. Mama mkwe akakataa kushuka, alimwambia jogoo viatu vyake ni vya Sabato. Nikapiga honi. Nikakanyaga mafuta.

Hatua thelathini za kwanza zilikuwa nzuri sana. Nataka hilo likumbukwe.

Kisha gurudumu la kulia la mbele likaanza kuzunguka bure. Gari likagoma. Nikaongeza mafuta. Gurudumu likazidi kuzunguka, likilia, na gari likaanza kugeuka taratibu kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka likalala mkingamo barabarani na kuwaonyesha kamati, benchi zima, upande wa kulia wote. Kifuniko cha ringi kilichomoka, kikabingirika kikimeta mpaka miguuni pa Bi. Chepkorir, kikaanguka chali.

Gichuki alinieleza baadaye, bila kuombwa, kwamba injini ya gari hizi husukuma magurudumu ya mbele, na nguvu hukimbilia lile linaloteleza. Kwa hiyo ile tairi ya elfu tisa ilikuwa imekaa pale inatazama tu. Akaongeza, "Mogaka, ni kama umevaa gumbuti mguu moja na mguu ingine slipas."

Wachumaji sita walikuja kusukuma. Gari halikusonga. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Abigael alimkabidhi Bi. Chepkorir jogoo, akakunja gauni, akaweka viganja vyake viwili kwenye gari la mkwe wake, jambo ambalo nadhani halijatokea tangu Wakisii wafike Nyamira. Nilipaswa kuzima injini. Badala yake nikataka kumsaidia. Nikakanyaga mafuta yote.

Matope yalimpata kuanzia kitambaa hadi viatu.

Nyabate akaja polepole, akachuchumaa kando ya tairi ya kulia, akaifuta kwa pembe ya aproni, akasoma jina. Akazunguka, akasoma la kushoto. Akasimama akiangalia vidole vyake. "Kumbe mikono yangu ulinunulia upande mmoja tu," akasema. Hakupaza sauti. Nilitamani sana angepaza.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, si ile yangu ya kawaida inayoisha kabla ya chakula cha jioni. Gichuki akanivuta kwa kamba mpaka juu, na kazi akapewa yeye.

Mama Abigael aliondoka mchana huo huo, Sabato isimkute kwangu. Jogoo alirudi naye Nyamira, akiwa hai.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nyabate ameuza honi. Ameuza vifuniko vitatu vilivyobaki, na redio yangu. Ameenda mwenyewe kwa Christabel na kurudi na tairi mbili za jina kubwa, akamsimamia fundi mpaka nati ya mwisho. Wamekuwa marafiki, yeye na Christabel. Wamebadilishana namba za simu. Sipendi hilo.

Zile mbili za bei ya chini ziko stoo. Ningemwambia tuzitupe, lakini hatuzungumzi.

Jumatano, 29 Oktoba

Habari njema! Mvua imeamsha majani, yamekuwa mengi kiasi kwamba gari moja halitoshi. Bi. Chepkorir amekuja mwenyewe. Amezunguka Probox yangu mara mbili, kulia na kushoto, mbele na nyuma, kama anayesahihisha mtihani. Akasema nianze Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Akasema akikuta hata tairi moja tofauti, hatanipa nafasi ya tatu. Nikaapa.

Nyabate amenipikia. Hajasema neno, lakini nyama ilikuwepo. Nimejifunza, na nimeandika hapa ili isifutike: tairi nzuri, nne, hakuna ujanja.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya utulivu. Nyabate yuko Nyamira tangu juzi, amepeleka mbuzi wa kuniombea msamaha kwa mama yake. Atarudi kesho.

Nimeketi nikalitazama gari. Tairi nne za elfu tisa, zimesimama tu. Jumapili hakuna majani. Jua linawaka. Mpira mzuri namna hiyo, unakaa bure siku nzima! Moyo uliniuma.

Ndipo Obiero akapita. Ana Probox kama yangu na vipara kama vyangu vya zamani, na leo alikuwa anapeleka kwaya Siongiroi. Alikuwa anaogopa polisi wa barabarani. Tukaelewana haraka. Nimemkodisha tairi mbili, za siku moja tu, arudishe saa tisa alasiri. Nami nimetoa zile mbili za stoo nikazifunga kwa muda, gari lisisimame juu ya mawe kama la marehemu. Sijarudia kosa. Zile za kushoto sijagusa. Nimempa za kulia tu.

Saa kumi na moja jioni. Mvua imeanza, kubwa, inatoka upande wa Bomet. Obiero hapatikani kwa simu.

Hakuna haja ya kuhangaika. Nimempigia Bi. Chepkorir kumuuliza, kwa heshima, kesho kamati itaketi upande gani wa barabara.