Kikombe cha Kwanza Nyumbani kwa Mama Zenebech

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa Tikimt, kwa kalenda ya Kihabeshi
Leo nimeanza rasmi utafiti wa uwandani hapa Dessie. Mada: jinsi wanawake wa chama cha mazishi wanavyosuluhisha migogoro yao. Mimi na mwanafunzi mwenzangu Tsigereda tumepewa chama kimoja. Atakayeandika ripoti bora ndiye atakayewasilisha kongamanoni. Mtu huyo ni mimi. Nimevaa tai. Mama Zenebech, mwenyekiti, akauliza kama nimekuja kuposa.
Akakaanga buni, akatumiminia kahawa. Nikanywa kikombe, nikashukuru, nikakimbilia chumbani kuandika kabla sijasahau. Kurasa tisa! Tsigereda alibaki akitafuna bisi. Hakubeba hata daftari.

Jumanne, tarehe 4
Kikombe kimoja, kurasa kumi na moja. Wanawake hawa ni wapole ajabu: huulizana afya, mvua, watoto. Mgogoro sijauona hata mmoja. Hitimisho: chama hiki hakina migogoro. Ugunduzi! Nilipotoka, Tsigereda alikuwa akisuuza vikombe. Nilimhurumia.

Alhamisi, tarehe 6
Profesa Getahun, msimamizi wetu, amepiga simu. Ripoti zisomwe kwanza mbele ya wanawake wenyewe, ndipo zifike kwake. Asema ni haki yao. Vyema. Nitapigiwa vigelegele.

Ijumaa, tarehe 7
Nilisoma kwa sauti ya kongamano. Nilipofika “maelewano yasiyo na doa,” mwanachama mmoja, Mama Yeshimebet, alipaliwa na kahawa. Jirani yake akauliza kama nimeandika habari zao au za malaika. Kumbe tangu mwaka jana wanagombania hema la misiba, ambalo Yeshimebet aliliazima kwa harusi ya mwanawe na hajalirudisha! Mama Zenebech alinitazama kama anayemtazama mgonjwa.
“Mwanangu, kikombe cha kwanza ni salamu. Cha pili tunavuta pumzi. Ugomvi tunautoa kwenye cha tatu, na wewe hapo ushakimbia zamani.”
Tsigereda naye akasoma yake. Walimkatiza, wakamsahihisha, wakabishana upya juu ya hema. Mwishowe Yeshimebet akasema basi, kesho atalileta.

Jumamosi, tarehe 8
Hema limerudi. Tsigereda ndiye anayekwenda kongamanoni. Mimi nimeongezewa wiki moja ya kurekebisha ripoti.
Nimetafakari kosa langu kwa kina, nikalibaini: mpangilio wa vikombe. Nimemwandikia Mama Zenebech barua rasmi, nakala kwa Profesa, nikimwomba kuanzia Jumatatu waanze na kikombe cha tatu, ili nikinywa niwahi kwenda kuandika.