Cherehani ya Vifurushi Saba

Jumatatu, 4 Machi
Cherehani ya mke wangu imekata roho. Hakulia. Alikaa tu kaishika, sare thelathini za shule zikimsubiri mezani. Shule inafunguliwa tarehe ishirini na tano. Akichelewa, mwalimu mkuu atampa kazi fundi wa mtaa wa pili. Siwezi kumwona hivyo, moyo unaniuma. Nitamwagizia mpya kutoka ng'ambo! Bila ushuru! Kifurushi cha thamani ndogo hupita forodhani bure. Cherehani nzima si ndogo. Lakini vipande saba, kila kimoja kwa jina la ndugu mwingine? Haba na haba hujaza kibaba. Mke wangu hajui kitu.

Jumanne, 12 Machi
Balaa! Vifurushi vimefika, msamaha wa ushuru umefutwa juzi. Eti vitu vya bei ndogo vimezidi kumiminika, wenye viwanda wa hapa wanalia. Sasa hata sindano inatozwa. Nimelipa mara saba, na kila kifurushi kimepelekwa nyumbani kwa mwenye jina. Afisa wa forodha, mama mpole mwenye miwani, akauliza imekuwaje ukoo mzima umeagiza vipuri siku moja. Nikamwambia sisi tunapendana sana.

Alhamisi, 14 Machi
Nazunguka kukusanya. Ndugu ambao sijawatia machoni mwaka mzima! Shemeji kanipa kanyagio pamoja na karipio. Mjomba kanipa mota, baada ya kunisimulia habari zote za mgongo wake. Sita tayari. Bado gurudumu, liko kwa shangazi.

Ijumaa, 15 Machi
Sikulichukua. Shangazi kaliweka sebuleni juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, kando ya picha ya marehemu mumewe. Kawatangazia majirani kwamba mtoto wa kaka yake kamkumbuka. Tangu azaliwe hajawahi kuletewa kifurushi. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema pambo. Mjinga mimi! Akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, nikaaga mikono mitupu.

Jumamosi, 16 Machi
Nimekiri kila kitu. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasoma karatasi ya forodha iliyokuja na mota, akaacha kucheka. Cherehani nzima ya kufanyia kazi haitozwi ushuru, na haijawahi kutozwa. Vipuri ndivyo vinavyotozwa. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akasema kama gurudumu haliwezi kutoka kwa shangazi, basi cherehani itahamia kwa shangazi. Tukaibeba. Akamwambia shangazi kwamba pambo lile hupendeza zaidi likizunguka.

Jumapili, 24 Machi
Sare thelathini, tayari! Vifungo vyote kashona shangazi. Anasema nyumba yake haikuwa na sauti tangu msiba, na mke wangu asithubutu kuondoka. Haondoki. Nawapelekea chakula mchana, wananinyamazia ghafla nikiingia. Nawapenda wote wawili.

Sasa wanataka meza ya kukatia. Nimeuliza forodhani: meza nzima haitozwi. Sawa. Lakini hebu tufikiri kiutu uzima. Miguu minne, ubao mmoja. Vifurushi vitano tu! Na yuko bibi yake mke wangu, anaishi peke yake mtaa wa juu, hapigiwi hodi na mtu. Mguu wa kwanza nimeuandika jina lake. Huyo namjua, ataurudisha bila maneno.