Kabati la Vioo na Dawa ya Mbu

Jumatatu, 4 Machi 2024

Balaa! Kesho wanakuja wapuliza dawa ya ukoko, ile inayobaki ukutani na kuua mbu. Advera, mhudumu wetu wa afya, kapita akisisitiza kila nyumba itoe vyombo vyote nje. Vyote! Nami tangu jirani yangu Damas anunue televisheni nimekuwa nikimwambia nina kabati la vioo, milango mitatu. Kumbe ndani ya nyumba kuna vitanda viwili tu, magunia ya mpunga, na meza ya miguu mitatu. Mguu wa nne ni tofali.

Nimepata akili.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga kufuli kwa nje, nikaingia kwa dirisha la nyuma. Mke wangu Bernadeta kakataa kushiriki uongo. Kaenda shambani na Mama. Wapulizaji wakaja na Advera, wakapiga hodi. Damas akawaambia nimekwenda mnadani Choma kununua ng'ombe. (Mimi ndiye niliyemwambia.) Nikapiga chafya. Advera akauliza ndani kuna nani. Nikalia kama mbuzi.

Wameondoka. Ushindi!

Jumatatu, 18 Machi

Mama ana homa. Anatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Ukuta usio na dawa. Nimempakia kwenye baiskeli, Bernadeta akimshikilia, tukamkokota hadi zahanati. Kipimo: malaria. Advera akaniuliza kwa upole kwa nini nyumba yangu ilikuwa na kufuli siku ya dawa. Nikasema safari. Bernadeta akaangalia pembeni. Afadhali Advera angenifokea.

Jumanne, 19 Machi

Mama kameza dawa mseto, katapika, kameza tena. Mkono wake umekuwa mwepesi mno. Nikamweleza yote, kabati, kufuli, mbuzi.

"Xavery mwanangu," akasema, "ile meza aliichonga baba yako. Mimi sijawahi kuionea aibu."

Nikatoka nje nikalia. Safari hii si kama mbuzi. Laiti ningeacha mlango wazi siku ile! Nimeapa: uongo basi.

Alhamisi, 21 Machi

Mama kanywa uji, kalalamika sukari haitoshi. Kapona! Wapulizaji wamerudi kwa nyumba zilizorukwa. Nimetoa kila kitu mwenyewe, mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Damas kaja kunisaidia kubeba meza, tofali kalibeba kwapani kwa heshima zote. Mama, kwenye mkeka wake nje, chini ya ukuta wa jikoni, alikuwa akinitazama kwa furaha.

Kisha Damas akauliza, bila ubaya wowote, kabati liko wapi.

Ningeweza kusema halipo. Neno moja tu. Nikasema liko Tabora mjini linabadilishwa vioo, litarudi Jumamosi. Kafurahi sana, masikini. Kasema atakuja na wanawe wanne kunisaidia kulishusha.

Nimemwambia wanne hawatatosha.