Nusu Kidonge kwa Siku

Jumatatu, 6 Oktoba
Bei imepanda tena! Dawa yangu ya mawazo, tena ile ya bei nafuu, si ile ya jina kubwa. Rimberia wa duka la dawa akasema si yeye, ni wanaomletea mzigo. Nikamjibu mimi ni dalali wa mbuzi hapa Isiolo tangu ujana, na sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nikatoa shuka begani, nikafunika mkono wake na wangu, nikaanza kumbana vidole. Sokoni ndivyo tunavyopatana: vidole vinataja bei, wambea hawasikii. Kumbe Mmeru huyu hajawahi kuuza hata mwanambuzi! Akaganda. Akina mama kwenye foleni wakaacha kuongea. Akaniuliza polepole, mzee Guracha, unaumwa wapi hasa?

Bei haikusonga. Akanishauri niende hospitali ya serikali kwa Daktari Gladys, huenda huko ni nafuu. Mimi? Nipange foleni mchana kweupe, Abdikadir anione? Ni dalali mwenzangu na mdomo wake hauna kufuli. Akijua nameza dawa ya mawazo, nani ataniachia mbuzi wake? Nimenunua pakiti moja nikaondoka.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata! Wakati wa ukame tunampa mbuzi nusu ya majani, na hafi. Basi nusu kidonge kwa siku. Nimevikata vyote kwa kisu. Vingine vimekuwa unga. Abiba, mke wangu, akauliza nani amekata chaki juu ya ubao wake wa vitunguu. Nikamwambia ni mambo ya uchumi.

Akaunusa ule unga, akatikisa kichwa. Simlaumu. Mwaka jana nililala miezi mizima, uso ukutani. Yeye ndiye aliyeuza maziwa, akalipa karo, akawadanganya wageni kwamba nimesafiri Kinna. Vidonge ndivyo vilivyonitoa kitandani. Lakini Abiba si mtu wa hesabu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Siku mbaya. Nikigeuza shingo, kichwa kinapiga shoti. Sokoni nilikuwa namuuzia mtu beberu wake, beberu wa kawaida tu, jicho moja lina tongo. Beberu akanitazama. Nikalia! Machozi kabisa, mbele ya watu. Mnunuzi akadhani nalilia mnyama wa maana, akaongeza bei. Abdikadir akatangaza soko zima kwamba nimebuni mbinu mpya, akaniomba nimfundishe kulia. Mwenye beberu akanibariki.

Sikufurahi hata kidogo. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikalala uso ukutani.

Jumatano, 15 Oktoba
Sijatoka. Chai inapoa tu. Naogopa. Abiba alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mguu, kwa nguvu, kama unavyomshika mbuzi asitoroke. Akasema, Baba Roba, mwaka jana mimi siurudii. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umeshalia hadi sokoni. Kesho twende hospitali. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Alhamisi, 16 Oktoba
Daktari Gladys aliangalia nusu zangu ndani ya mfuko wa sukari, akafumba macho. Akasema dawa hii haikatwi wala haiachwi kwa akili ya mgonjwa. Ikipunguzwa, daktari ndiye anayepunguza, tena polepole. Kuhusu mbuzi wa ukame, akasema ningemuuliza mbuzi mwenyewe kama alifurahia. Kisha akaniandikia dawa ya miezi mitatu kwa mpigo, ya kampuni nyingine, nguvu ile ile, kutoka dirisha la hospitali. Bei iko chini kuliko ya Rimberia hata kabla haijapanda! Na Rimberia aliniambia tangu mwanzo. Sitampa raha ya kujua.

Dirishani, aliyekuwa mbele yangu ni Abdikadir. Pakiti ile ile! Tukapeana salaam aleikum kwa adabu, kama tumekutana msibani. Akasema anamchukulia shangazi yake. Nikasema hata mimi namchukulia shangazi. Tukawaombea shangazi zetu afya njema, kila mtu akashika njia yake.

Jumatano, 5 Novemba
Alhamdulillah! Nalala, naamka, chakula kina ladha. Jana nilicheka hadi Abiba akaja mlangoni kuangalia. Akafuta macho kwa mtandio, akasingizia moshi. Tunapikia gesi.

Lakini bei zitapanda tena, na haba na haba hujaza kibaba. Nimewaza: leo nimeze kimoja, kesho niweke kimoja, miezi mitatu inakuwa sita! Daktari alisema nisikate. Kuweka akiba hakukataza. Shida ni Abiba. Siku hizi analeta kidonge yeye mwenyewe pamoja na chai ya maziwa ya ngamia, na anakaa mbele yangu mpaka nimeze.

Leo nimekificha chini ya ulimi. Akauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nikatikisa kichwa. Akauliza hiyo ni ndiyo au hapana. Nikatabasamu. Basi akaanza kunisimulia harusi ya binti wa jirani, kuanzia siku ya posa. Kidonge kikayeyuka chote. Wallahi, uchungu gani huo! Kikombe cha pili cha chai hakikusaidia.

Kesho nitajaribu shavuni.