Pikipiki Iliyoingilia Zamu Yangu ya Sauna

Kalervo Nissilä,
Ghorofa ya chini, mlango wa pili,
Kajaani.
17 Januari

Ndugu Mwenyekiti Raili Pokkinen,

YAH: PIKIPIKI YA SANTERI LUUKKA KUISHI KATIKA CHUMBA CHA KUPOA CHA SAUNA YETU

Salamu nyingi. Natumaini mkono ulioangukia kwenye barafu mbele ya duka unaendelea vizuri. Mimi ni mzima kiasi. Nyonga mpya inafanya kazi, moyo ndio unaokasirika.

Wajua kwamba kwa miaka thelathini na moja zamu yangu ya sauna katika jengo hili ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja. Sijawahi kuikosa. Hata wiki tuliyomzika mke wangu Sirkka niliingia, nikakaa, nikatoka. Basi anayeigusa zamu hiyo amenigusa mimi. Tangu Oktoba nimeguswa sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nikitoka kwenye mvuke, mtupu kama nilivyozaliwa, nataka kukaa kwenye benchi nipoe. Benchi limesukumwa ukutani. Mahali pake imesimama pikipiki ya Kicheki ya mwaka 1974, inanikodolea taa yake moja. Chumba kizima kinanuka petroli. Kanuni ya kumi na nne, uliyoibandika mlangoni kwa mkono wako, inakataza chombo chochote chenye injini ndani ya jengo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yuko mwezi wa nne na hajafukua theluji hata siku moja.

2. Nilimuuliza Santeri kwa upole kwa nini asiiweke kwenye banda la baiskeli kama watu wenye akili. Akanijibu, "Mzee, nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri! Itaganda, maskini." Itaganda! Hivi, Ndugu Mwenyekiti, pikipiki ina pua itokwe na kamasi? Chuma hakiogopi baridi, kinaogopa unyevu. Na huyu bwana, mwenye shahada mbili, amekipeleka kwenye jengo la watu wanaomwagia maji mawe ya moto kwa makusudi, siku sita kwa wiki.

3. Ameifunika kwa nailoni. Nailoni! Chini yake inatoka jasho kuliko sisi tulio ndani. Hata mtoto wa chekechea angejua kufunika kwa shuka la pamba, lipumue.

4. Tangi ameliacha nusu. Nusu petroli, nusu hewa, na hewa yenyewe ya sauna. Kutu inakula ndani kwa ndani, naye anapita koridoni akipiga mluzi. Tangi hujazwa pomoni kabla ya theluji ya kwanza, na oili chafu humwagwa ikawekwa mpya. Nilipomwambia habari ya oili akasema, "Si nitabadilisha Mei, mzee, nikianza kuendesha?" Nikaiweka chini ndoo ya maji niliyoshika, nisije nikammwagia.

5. Kila Jumapili anaisukuma hadi mlangoni na kuiwasha dakika tano, "ipashe mwili." Dakika tano hazikaushi hata soksi! Zinaacha maji kwenye bomba la moshi yakae yaozeshe chuma kwa raha zao. Afadhali asiiguse kabisa. Betri nayo haijawahi kutolewa ikawekwa mahali pakavu na kuchajiwa. Kisha anayarudisha magurudumu palepale kwenye sakafu ya saruji wiki nzima, na mpira utabonyea upande mmoja. Imenilazimu kila Jumamosi, baada ya mvuke, kuyasogeza robo mzunguko mimi mwenyewe, bila nguo, na nyonga yangu hii. Mama Hyttinen wa zamu ya saa moja aliwahi kufika mapema. Tangu siku hiyo ananiamkia akiangalia dari.

6. Utauliza nimeyajuaje yote haya. Naam, pikipiki ilikuwa yangu. Nilimuuzia Septemba, baada ya binti yangu Päivi kusema, "Baba, chagua moja: nyonga au pikipiki." Nikachagua nyonga. Miaka arobaini na mitatu niliitunza, na kila masika iliwaka kwa teke la pili. Mimi na Sirkka tulikwenda nayo hadi bahari ya kaskazini, yeye nyuma, akinigonga mgongoni nikizidisha mwendo. Nilimpa Santeri funguo, nikampa na daftari la matunzo, kurasa sitini kwa mwandiko wangu. Amelifungua? Amelikunja akaliweka chini ya mguu wa benchi lisiyumbe! Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na huyu mwana kaangukia kwa mlezi wa ovyo. Nasema wazi, inaniuma. Kila Jumamosi naenda kuoga, narudi kama nimetoka kumtazama mgonjwa.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu iamue yafuatayo:

Kwanza, pikipiki itolewe nje kabla ya Ijumaa, na isiruhusiwe tena kukaa chini ya paa lolote la jengo hili, liwe la sauna, la ngazi au la chumba cha mtu. Sheria ni msumeno.

Pili, Santeri Luukka mwenyewe akae mahali pa pikipiki katika chumba cha kupoa hadi mwisho wa Aprili. Afunikwe nailoni. Alishwe nusu tumbo. Asisogeze miguu. Kila Jumapili apelekwe mlangoni akimbie dakika tano, kisha arudishwe na jasho lake. Mei tutamwuliza anajisikiaje.

Tatu, kanuni ya kumi na nne iandikwe upya kwa herufi kubwa, maana inaonekana wenye shahada mbili hawasomi ndogo.

Nisalimie mumeo, nisalimie kamati nzima na mtunza jengo. Mama Hyttinen nisalimie kwa staha.

Wako katika kutetea kanuni,
Kalervo Nissilä

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha Santeri amebisha hodi, daftari mkononi. Amelisoma lote, anasema, na alikuwa na macho mekundu. "Mzee," akaniambia, "mimi najua kuiendesha tu. Ikae kwako mpaka Mei. Halafu mimi nitashika usukani, wewe ukae nyuma unigonge mgongoni nikikosea." Sasa iko sebuleni kwangu, kati ya televisheni na kabati, magurudumu juu ya vigogo, imefunikwa kitambaa cha meza cha Sirkka. Betri iko jikoni karibu na mkate. Tangi tumelijaza pomoni, na harufu, kusema kweli, siisikii. Kanuni ya kumi na nne naona ni kali mno, kamati iitazame upya. Päivi akipiga simu, hujui lolote. Na zamu yangu ya Jumamosi hii mpe yeyote anayeitaka. Mimi nina magurudumu ya kuzungusha.