Mteja wa Siri na Matabishi Yake

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Kazi ya akili, si ya mabega. Binamu yangu Bonaventure, karani katika ofisi ya bulanjeri moja, kiwanda cha mikate, huko Uvira, alinipigia simu asubuhi akinong'ona kana kwamba ameiba kitu. Patron wake, mwenye bulanjeri, Madame Aline, anatafuta mteja wa siri. Mtu wa kupita kwenye depo zake tatu za mikate, Baraka, Nundu na Lweba, anunue kama mtu wa kawaida, aangalie wafanyakazi wanavyopokea watu, kisha ajaze fishi, karatasi ya maswali, na kutoa alama. Bonaventure alisema aliwafikiria watu wengi kabla yangu. Wote walikuwa na shughuli.

Sharti ni moja tu: usitambulike. Nilicheka. Mimi nitambulike? Nimeishi Baraka miaka arobaini na mmoja na wazee wa kanisa bado husahau jina langu kila wanapogawa vyeo.

Utamu uko hapa. Depo ya Baraka iko mikononi mwa Isidore. Isidore huyuhuyu aliyeninyang'anya uongozi wa kwaya kwa kisingizio kwamba anajua kuimba. Akipata chini ya tano mara mbili, anaondolewa, na kiti cha gérant, msimamizi wa depo, kitahitaji makalio mapya. Yangu yako tayari.

Na Constance atarudi. Mke wangu yuko Lweba kwa wazazi wake pamoja na binti yetu Merveille tangu Pasaka, yaani tangu sabuni yangu ya majani ya mpapai ilipowapa majirani upele. Alisema atarudi siku nitakapokuwa na kazi inayoonekana. Yenye mlango na saa ya kuingia. Kwa sasa nina kazi isiyoonekana. Ni hatua.

Jumanne, 4 Juni

Depo ya Baraka. Nilikwenda kama mchungaji kutoka Kalemie: koti jeusi, miwani isiyo na vioo, Biblia kubwa ya marehemu shangazi. Mbwa wa jirani, ambaye ananijua vizuri, alinibwekea. Ishara njema.

Isidore alikuwa mezani pamoja na msaidizi wake Rosette. Niliagiza mikate miwili kwa sauti ya Kalemie, nzito, ya puani. Rosette alinihudumia vizuri, kwa bahati mbaya. Nikalipa. Kisha nikaomba matabishi, kama mtu yeyote mwenye malezi. Anayenunua bila kudai nyongeza kidogo amelelewa na nani? Mimi huomba matabishi kwa kinyozi. Niliwahi kuomba hata kwa muuguzi, baada ya sindano.

Isidore akainua kichwa. Akanitazama sana, akamtazama Rosette. Rosette akakimbilia nyuma ya rafu, nikamsikia anakohoa mpaka machozi. Vumbi la unga, maskini. Isidore akaleta kiti, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe. "Karibu, mutumishi wa Mungu! Ikala hapa, utuombee mukate." Akaniongezea andazi moja.

Nikauombea mkate. Dakika kumi na moja, mstari mzima umesimama kimya. Mimi nikianza sala siimalizi ovyo.

Tatu juu ya kumi. Kosa: unyenyekevu uliopita kiasi.

Alhamisi, 6 Juni

Bonaventure amerudisha fishi. Madame Aline anauliza inakuwaje mtu anayepangusa kiti kwa shati lake apate tatu. Anataka sababu. Watu wa ofisi wana tabia hiyo.

Basi nikatengeneza mteja ambaye hata mama yake mzazi asingempenda. Mvuvi aliyetoka ziwani sasa hivi: kaptula inayochuruzika maji, kasia begani, ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliolala siku mbili mfukoni kwa ajili ya harufu. Mlangoni nilimgonga mama mmoja kwa kasia, kisha nikamlaumu yeye. Nilingoja kufukuzwa.

Kiti kilikuwa nje tayari! Mandazi yangu yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi kabla sijafungua mdomo. Nikaomba matabishi hata hivyo, kwa ajili ya kanuni. Rosette akaniambia ndiyo hayo mkononi mwangu, walijua tu nitayahitaji. Mama niliyemgonga kwa kasia hakupewa kitu.

Hapo nikaelewa. Isidore anapendelea wavuvi! Upendeleo wa wazi, mchana kweupe. Mbili juu ya kumi, na sababu nimeiandika kwa herufi kubwa.

Nilipokuwa natoka Isidore aliniuliza kama Kalemie wako wazima. Nikasema wazima. Njiani nikashangaa kwa nini mtu amuulize mvuvi wa Baraka habari za Kalemie. Jamaa anaanza kuchanganyikiwa. Kiti kinakaribia.

Jumamosi, 8 Juni

Nundu, kwa moto, yaani pikipiki. Vumbi mpaka kwenye meno. Leo nilikuwa mtaalamu kutoka Kinshasa, asiyejua Kiswahili hata neno. Suti, na shingoni kadi ya semina ya chanjo ya mwaka juzi, nimeigeuza upande wa nyuma. Nilizungumza Kifaransa tu, kile cha juu, ambacho hakihitaji vitenzi.

Anayeuza pale ni Nadège, mwanamke mtulivu, mikono safi, anashika mkate kwa karatasi. Yote vizuri. Nikafika kwenye matabishi. Neno hilo sikulipatia Kifaransa chake, nikalisema hivyohivyo, kwa lafudhi ya Kinshasa.

Nadège aliendelea kufunga mikate. Bila kuinua kichwa akasema: "Papa Merveille, Mama Merveille iko muzuri?"

"Iko Lweba," nikajibu.

Kisha nikakumbuka kwamba sijui Kiswahili. Nikasema "pardon?" upesi sana. Sidhani aligundua. Akina Merveille wamejaa kila kijiji kando ya ziwa hili, alibahatisha tu.

Lakini akaendelea, kama anayezungumza na mikate. Kwamba anajua Constance yuko Lweba. Kwamba bulanjeri imemwajiri wiki mbili sasa, na depo ya Lweba ni yeye anayeifungua na kuifunga.

Mke wangu! Ana mlango. Ana saa ya kuingia. Mimi ndiye niliyepaswa kumwonyesha kazi, sasa ananionyesha yeye. Iliniuma, siwezi kuficha. Nilikula mikate yote juu ya moto, ushahidi wote ukaishia tumboni.

Nadège: sita. Ana udadisi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Isidore aliongoza kwaya, akapandisha sauti bila sababu. Mlangoni alinisalimu, "Mutumishi, ndagala wako aje?" Waimbaji wote wa sauti ya nne wakaangua kicheko. Sikuelewa. Watu wa sauti ya nne hawajawahi kuwa na akili.

Nimeamua. Lweba lazima ikaguliwe. Siendi kwa ajili ya Constance. Naenda kwa ajili ya fishi.

Jumanne, 11 Juni

Nimefika Lweba kama mzee wa miaka themanini. Majivu kwenye nywele, koti la babu linalofika magotini, miwani myeusi, fimbo. Mgongo niliukunja tangu niliposhuka kwenye moto, na mpaka sasa haujakunjuka.

Constance alikuwa peke yake. Kilemba cha bluu, kile nilichomnunulia Fizi mwaka ule wa harusi ya dada yake. Aliponiona alisimama kidogo na mkate mkononi. Halafu akatoa kigoda chake mwenyewe. "Karibu, baba. Ikala, umechoka." Akanimiminia chai. Chai ya mkono wake! Tangu Pasaka nakunywa chai yangu mwenyewe, ambayo haifai hata kuoshea miguu.

Nikaulizia, kwa sauti ya kizee, kama ana bwana. Swali la kikazi kabisa.

Akasema anaye. Kwamba Mungu alimpa bwana wake akili nyingi, lakini anazivaa kinyume, kama shati la mtoto. Kwamba ile habari ya kazi inayoonekana aliisema kwa hasira. "Mi sitaki gérant, baba. Mi nimechoka na siri. Akuje siku ya posho na sura yake mwenyewe, apite ku mulango, aniambie, Constance, twende. Nitaenda. Ni ile tu." Siku ya posho, kwetu, ni Jumamosi. Aliyasema hayo akinitazama moja kwa moja kwenye miwani, na macho yake yalikuwa na maji.

Nami nililia, nyuma ya miwani. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili. Namkosa mke wangu. Nyumba imekuwa kubwa, na Merveille ameacha kiatu kimoja chini ya kitanda ambacho sijakigusa.

Nikanunua mkate mmoja, nikajikaza, nikaomba matabishi.

Constance alicheka mpaka akashika meza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mambo ya sabuni. Akafunga mandazi mawili: "Moja yako, baba. Ingine umupe bwana yangu, kama unamukuta mu njia."

Niliyala yote mawili. Utaratibu ulikuwa unaruhusu.

Mambo ya alama yamenipa shida. Usafi, kumi. Ukarimu, kumi. Lakini anamweleza mteja asiyemjua siri za ndani! Tena mzee wa kupita tu! Na kwa nini alimwamini upesi namna ile? Kigoda, chai, machozi, kicheko. Mzee huyo ana nini? Jumla: tano. Na yule mzee simpendi.

Alhamisi, 13 Juni

Bonaventure amenipigia simu na safari hii hakunong'ona. Madame Aline amesoma fishi zote nne, halafu akawaita wafanyakazi kwenye simu mmoja mmoja. Walijua! Wote! Tangu siku ya kwanza. Isidore alimweleza habari za mchungaji wa Kalemie, na patron alicheka mpaka akaomba maji. Isidore ndiye aliyempigia Nadège simu kumtahadharisha: awe na mavazi yoyote, atakayelipa kisha akadai matabishi, huyo ndiye. Bonaventure alisema Fizi nzima, kuanzia ziwani mpaka Bibokoboko milimani, hakuna mwingine anayedai matabishi kwa sauti ile.

Upuuzi. Kila mtu huomba matabishi. Nimefikiri mchana kutwa na nimepata jibu: viatu. Mchungaji, mtaalamu, mzee, wote walivaa viatu vyangu vya kahawia. Mvuvi alikuwa peku, lakini miguu yangu nayo inafahamika.

Kazi imekwisha, basi. Ila kuna jambo jingine. Isidore amemwomba patron anipe nafasi depo ya Baraka. Kupokea mikate gari linapofika, kuipanga, kufungua mlango. Naanza Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mlango upo. Saa ipo. Bonaventure aliniuliza kama nimesikia vizuri. Kuokolewa na Isidore! Ni kama kuvuliwa majini na mtu aliyekusukuma, ingawa hakunisukuma.

Nimekubali. Kwa ajili ya Constance.

Limebaki jambo moja dogo. Keshokutwa niende Lweba, nipite mlangoni, niseme maneno mawili. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Constance, twende. Constance, twende. Hayana ugumu wowote.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikuwa nimeshavaa shati langu jeupe. Nimenyoa ndevu. Nimeshika mlango. Halafu nikamkumbuka yule mzee.

Je, kama alisema vile kumfurahisha mzee tu? Je, nikifika na sura yangu akanifukuza mbele ya mstari wa watu? Mtu mwenye uzoefu wangu haingii mahali bila uchunguzi. Nikaamua mzee atangulie, ahakikishe, kisha mimi nifuate, hata kesho. Nikapaka majivu. Nikavaa koti la babu. Na safari hii viatu niliazima kwa kinyozi Élie, vyeusi, vinanizidi vidole viwili. Kosa halirudiwi!

Depo ya Lweba ilikuwa wazi. Mlangoni kulikuwa na mzigo umefungwa kwa kitenge. Merveille alikuwa amekaa juu yake na gauni la kanisani, ananyonya kidole. Constance alikuwa amesuka nywele upya. Alikuwa anaangalia barabara.

Aliponiona alisimama. Akaangalia uso, akaangalia koti. Kwenye viatu akakaa muda mrefu sana.

"Baba," akasema, "bwana yangu umemuacha wapi?"

Nikamwambia yuko nyuma, anakuja. Kwamba amenituma kwanza nione kama kweli Constance atakwenda.

Alimteremsha Merveille kutoka juu ya mzigo, akafungua kitenge taratibu, akaanza kurudisha nguo ndani, moja moja. Nilimsaidia kubeba sufuria. Mzee gani asingesaidia? Alipomaliza akasimama nyuma ya meza, akaniuliza nataka mikate mingapi. Nikasema mmoja. Akaufunga vizuri, akapokea hela, akasema asante, kama anavyomwambia mtu yeyote.

Nikaomba matabishi.

Akatikisa kichwa. Hakunipa. Hata kipande! Akageuka akamvua Merveille viatu.

Nilisimama pale nikiwa na mkate wangu, moyo unadunda kwa furaha. Hakunitambua! Wote wanaonitambua hunipa matabishi, na yeye hakunipa kitu. Ushahidi mkubwa kuliko huo sijui. Nimempigia simu Bonaventure palepale barabarani kumwambia kwamba ilikuwa viatu tangu mwanzo.