Ng'ombe wa Shosho Warigia na Kigiriki Changu

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Julai. Ukungu umeingia hadi kwenye kaunta, wateja hawajaingia. Wote wanavuka barabara kwenda kwa Ndwiga, yule Muembu mwenye diploma ya mifugo aliyoitundika ukutani kwa fremu ya dhahabu. Agroveti yangu, duka la dawa za mifugo, ndiyo ya zamani zaidi hapa Chaka. Diploma sina. Lakini sasa nina kitabu!

Nilikiokota Jumamosi mjini Nyeri, kwa muuza vitabu vya mitumba. Ni cha wanafunzi wa udaktari, jalada limeng'oka. Sura ya kwanza imetoboa siri yao yote: majina makubwa ya magonjwa ni Kigiriki kilichoungwaungwa. Gastro ni tumbo. Osteo ni mfupa. Hema ni damu. Mwishoni unabandika aitisi, yaani uvimbe wenye moto, kazi imekwisha. Kumbe ni hayo tu! Na watu wanasomea miaka na miaka. Ndwiga, jiandae.

Jumanne, 15 Julai

Alhamdulillahi, imefaulu kupita kiasi. Mzee mmoja amekuja na habari za mbwa anayechechemea. Ndwiga alikuwa amemwambia goti limevimba, ampumzishe. Mzee alikuwa amenuna: ati hata yeye ameliona limevimba, diploma ni ya nini? Nikamwambia ni athraitisi. Athro ni kiungo. Akavua kofia. Nikamwambia ampumzishe, akakubali mara moja. Jioni alirudi na kaka yake ili naye alisikie jina.

Mke wangu Safa amesikia yote kutoka chumba cha nyuma tunakoishi. Ameuliza kama Wagiriki wana jina la mwanamume ambaye bomba la bafu lake linavuja tangu Ramadhani. Watu wakubwa huanza kupingwa nyumbani.

Alhamisi, 17 Julai

Shosho Warigia amekuja na uso uliokunjamana. Ni bibi mjane, jirani yetu wa nyuma. Ana ng'ombe mmoja tu, Karembo, na huyo ndiye unga, ndiye kuni, ndiye karo ya mjukuu. Kila asubuhi hutuletea kikombe cha maziwa ya chai, ujirani tu. Leo maziwa yake yamekataliwa kwenye kituo cha kupokelea maziwa. Yana mabonge. Upande mmoja wa kiwele umekuwa mgumu, una moto.

Jina nililijua papo hapo. Masto ni titi, aitisi imeshaelezwa. Mastaitisi! Lakini hilo hata Ndwiga analo, hata kwenye pakiti za dawa limeandikwa. Na Shosho ananitazama kwa matumaini namna ile. Nikataka kumpa kubwa zaidi. Galaktostasisi! Galakto ni maziwa, stasisi ni kusimama. Aliniomba nilirudie polepole, naye akalirudia.

Kisha akauliza afanye nini. Hapo kitabu kikaniacha njiani. Sura yangu ina majina, matibabu haina. Nikatumia akili. Ikiwa maziwa yamesimama, basi yana sababu zao, yaachwe yapumzike. Nikamwambia upande ule asiukame hadi Jumamosi. Akanishukuru sana, akaniita daktari wake. Daktari! Safa alikuwepo, amesikia kwa masikio yake.

Ijumaa, 18 Julai

Nikitoka msikitini nilipitia kwa Shosho. Karembo hataki kula. Amesimama ametanua miguu, na nilipomgusa kiwele aliruka. Shosho alisema hajamkama upande ule, kama nilivyoagiza. Halafu akanituliza mimi! Ati dawa nzuri huchelewa.

Sikupenda nilichokiona. Nilivuka barabara hadi kwa Ndwiga ili nimwambie. Wallahi nilifika mlangoni. Nikaiona ile fremu. Ndwiga akanikaribisha vizuri, ati karibu ndugu yangu Junaid, akauliza anisaidie nini. Nikanunua kamba. Kamba ninazo dukani marobota mazima.

Jumamosi, 19 Julai

Safa ndiye aliyemwita Ndwiga. Hakuniuliza. Ndwiga alifika na gambuti zake miguuni, akakama upande ule hadi uchafu wote ukatoka, akapiga sindano. Amesema Karembo atapona, lakini robo ile ya kiwele imekufa, haitatoa maziwa tena. Ingekamwa mara kwa mara tangu Alhamisi, na dawa juu yake, labda ingeokoka. Akauliza ni nani aliyesema isikamwe.

Mimi nilikuwa nimeshika mkia. Shosho Warigia akajibu ni yeye mwenyewe. Ati ni uzee tu, na vidole vyake na baridi hii. Hakunitazama. Ndwiga alinitazama. Nikaushika mkia vizuri zaidi.

Nimelia bafuni, bomba likinisindikiza. Yule mama amemeza aibu yangu mbele ya watu, nami nikamwachia ameze. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakungoja hata wiki iishe. Najuta. Sijawahi kujuta hivi. Kesho namweleza ukweli na kumwomba radhi. Kitabu nakichoma.

Jumatatu, 21 Julai

Jana ilinyesha. Kitabu kililowa kwenye jaa kabla hakijashika moto. Nimekiweka chini ya kaunta kikauke, kisha kichomwe.

Asubuhi Shosho alikuja na kikombe chetu. Nusu. Na yeye ndiye aliyeomba radhi! Ati Karembo sasa ana chuchu tatu, tuvumiliane. Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: ni mimi, Shosho, ni mimi niliyekuharibia, nisamehe. Safa alikuwa amesimama mlangoni akiyangoja. Shosho akawahi kuuliza, kwa unyonge, kama hali hii ya chuchu tatu nayo ina jina.

Likanitoka. Trimastia.

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaondoka akilirudia hadi kwenye lango lake. Safa alimimina maziwa yote kwenye kikombe chake, mimi akaniwekea strungi, chai kavu isiyo na maziwa.

Nitamwambia kesho, inshallah. Leo haikuwezekana hata kidogo, kwa sababu kuna mama aliyeingia na kuku anayekohoa. Ametoka kwa Ndwiga, hajaridhika. Nikamwomba asubiri kidogo tu, nikainama chini ya kaunta. Ukurasa wa mapafu umeshakauka.